Nataka kwenda Misri na kundi la watu nisiowajua

BARUA

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Jiografia, mjane, nina umri wa miaka 62 na ninaishi Njombe mjini. Nilifundisha katika shule za sekondari za Makete na Ludewa kabla ya kuhamishiwa hapa, na katika miaka yote hiyo nilichora mto Nile ubaoni kutoka Ziwa Victoria hadi delta yake, nikaeleza faida na hasara za Bwawa Kuu la Aswan kwa wakulima wa Misri, bila kuviona vitu hivyo kwa macho yangu. Sasa watoto wanajitegemea, shamba langu la parachichi limeanza kunilipa, na nina akiba ambayo sipendi yote iishie kwenye bati na saruji.

Nimeona tangazo la kampuni ya Ulaya inayopeleka makundi ya watu wasiozidi 16 nchini Misri kwa siku 10, kuanzia Cairo, kwenda Aswan na Abu Simbel, kisha kwa meli ya mtoni hadi Luxor. Bei ni dola 1,450 kwa mtu mmoja, lakini chini wameandika kwamba anayetaka chumba cha peke yake anaongeza dola 420, kwamba ndege za kimataifa hazimo, na kwamba viza hupatikana uwanja wa ndege wa Cairo mara mtu anapofika. Mwenzangu mmoja amenikutanisha na wakala aliyeko Mbeya ambaye anasema ataniandikisha katika kundi hilo hilo, ndege na viza vikiwemo, ila nitume fedha zote kwenye namba yake ya simu kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu nafasi zinaisha.

Mwanangu wa kwanza hakubali. Anasema, “Mama, ukiugua huko nani atakushika mkono?” Kina mama wa jumuiya yetu wananiuliza nakwenda na nani, na nikijibu kwamba nakwenda peke yangu wanatazamana. Nami nina hofu zangu. Naogopa kuwa mtu wa pekee asiye na mwenzi mezani, na pengine Mwafrika wa pekee. Naogopa kulala chumba kimoja na mtu nisiyemjua. Goti langu la kushoto linanisumbua kwenye ngazi. Naogopa pia kufika Cairo nikakosa wa kunipokea. Je, mtu kama mimi anaweza kusafiri namna hii, au nisubiri nimpate wa kwenda naye?

Mwalimu mstaafu, Njombe

JIBU

Kamwene, Mwalimu, na shikamoo.

Unaweza kusafiri, na usimsubiri mtu wa kwenda naye. Wenzi wa safari hupatikana kwa urahisi wakati wa mazungumzo, lakini siku ya kulipa kila mmoja huwa na udhuru wake, wa ada za shule au wa msiba, na udhuru huo mara nyingi ni wa kweli kabisa, ila anayebaki nyumbani ni wewe. Kundi lenye kiongozi limetengenezwa kwa ajili ya watu wa hali yako: mtu mwenye akili timamu, mwenye akiba kidogo na hamu kubwa ya kuona, ambaye hana wa kufuatana naye na hapendi kuhangaika mwenyewe na hoteli, treni na tiketi za makumbusho katika nchi ambayo lugha yake haijui. Kwa hiyo jibu la swali lako kuu ni ndiyo, na maneno yangu mengine yote yanahusu namna ya kwenda.

Nianze na jambo la haraka kuliko yote: huyo wakala wa Mbeya usimtumie hata shilingi moja. Sisemi ni mwizi, kwa kuwa simjui, lakini masharti aliyokupa hayakubaliki hata yakitolewa na malaika. Fedha ya safari hulipwa kwa jina la kampuni, kwenye akaunti ya kampuni, baada ya kupewa ankara yenye tarehe za safari na masharti ya kurudishiwa fedha, na mlipaji hupewa risiti ya kodi. Wakala halali wa safari katika nchi yetu ana usajili wa BRELA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na ana leseni ya biashara ya utalii inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, naye haoni haya kukuonyesha vyote viwili ukiviomba. Zaidi ya hapo, anakuuzia kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukiuza, yaani viza. Viza hutolewa na ubalozi baada ya kukuangalia wewe na karatasi zako. Wakala anaweza kukusaidia kujaza fomu na kuipeleka, lakini anayeihesabu ndani ya bei kana kwamba tayari iko mkononi anakuahidi uamuzi wa mtu mwingine. Waandikie wale wa Ulaya barua pepe uwaulize kama wana mwakilishi Tanzania na jina lake ni nani. Ni swali la mistari miwili, na jibu lake litakuondolea shaka kuhusu mtu huyo.

Sasa tuje kwenye tangazo lenyewe, ambalo ndilo kiini cha ushauri wangu. Tangazo hilo halidanganyi, ila limeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pasipoti nyingine. Anayeandika “viza hupatikana uwanjani” anamfikiria Mjerumani au Mwingereza, na kwao ni kweli. Mtanzania anatakiwa kuipata viza ya Misri kabla ya kuondoka, kwenye ubalozi wa Misri ulioko Dar es Salaam. Vivyo hivyo, anayeandika kwamba ukilipa leo unathibitishiwa nafasi leo anamfikiria mtu ambaye akishalipa hakuna tena mlango wa kumzuia. Kwako wewe ipo milango miwili kabla ya kundi, pasipoti na viza, na fedha yako haipaswi kuitangulia milango hiyo kwa kiasi usichoweza kukipoteza. Wasafiri wetu wengi wanaoumia katika safari hizi huumia kwa sababu ya mpangilio: wamelipa kwa mtiririko wa Mzungu huku wakisafiri kwa karatasi za Mtanzania.

Mpangilio unaokufaa ni huu. Kwanza pasipoti. Hukusema kama unayo, lakini kama ulichonacho ni kitabu cha zamani, fahamu kwamba tangu mwaka 2018 zinatolewa pasipoti za kielektroniki, kwa ada ya shilingi 150,000 na muda wa miaka 10. Fomu hujazwa kwa mtandao, kisha unakwenda Uhamiaji na kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na viambatisho vingine watakavyokuelekeza. Watu wa umri wako waliozaliwa vijijini mara nyingi hukwama kwenye cheti cha kuzaliwa, au hukuta jina la cheti na la NIDA yanatofautiana herufi moja, kwa hiyo kaziangalie karatasi hizo leo kabla hujaangalia picha yoyote ya piramidi. Misri hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai siku unapoingia.

Pasipoti ikishapatikana, ndipo uweke nafasi kwa malipo ya awali peke yake, kisha uombe viza ukiwa na uthibitisho wa kampuni, taarifa ya benki na nafasi ya ndege iliyoshikwa bila kulipiwa. Wakatisha tiketi wanajua kuishika nafasi kwa siku kadhaa. Waombe hivyo waziwazi. Usikubali kumaliza deni la safari wala kununua tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya viza kugongwa.

Hata viza ikiisha kutoka, kuna jambo moja la mwisho la kusubiri, na hili huwapata hata Wazungu wenyewe. Makundi haya yana idadi ya chini. Tangazo linakwambia hawazidi 16, lakini halikwambii kwamba wasipofika, tuseme, sita, safari inafutwa. Kwa kuwa kampuni ni ya Ulaya, kama imesajiliwa katika nchi ya Umoja wa Ulaya na mkataba uko chini ya sheria za huko, basi unahusika na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 kuhusu safari zinazouzwa kwa kifurushi. Kwa agizo hilo, safari inayozidi siku 6 ikikosa watu wa kutosha, kampuni inaweza kuifuta bila kukulipa fidia ilimradi ikuarifu si chini ya siku 20 kabla ya kuanza, na inapaswa kukurudishia fedha yako yote ndani ya siku 14. Fedha hiyo ni ile uliyowalipa wao. Tiketi ya ndege uliyojinunulia mwenyewe kutoka Dar es Salaam haiwahusu, na hapo ndipo msafiri wa peke yake hupoteza zaidi. Waulize ni lini safari hiyo huhesabiwa kuwa ya uhakika, ukate tiketi baada ya hapo. Agizo hilo hilo linakupa pia haki ya kumhamishia mtu mwingine nafasi yako ukiwaarifu angalau siku 7 kabla, kwa gharama halisi ya mabadiliko, na haki hiyo ikumbuke endapo ubalozi utachelewa kukujibu.

Kuhusu kufika, kundi lako linaanzia Cairo. Kutoka Njombe hadi mlango wa kutokea Cairo uko mwenyewe, na hakuna kiongozi atakayekuja kukuchukua Makambako. Usipange basi lifike Dar es Salaam siku ile ile ya ndege. Wewe unaujua mlima Kitonga kwenye barabara ya Dar: lori moja likilala kwenye kona, abiria wa pande zote mbili hushinda hapo hapo. Ondoka mapema kwa siku mbili, au panda ndege katika uwanja wa Songwe, Mbeya, kama bei inakuruhusu, ulale kwa binti au ndugu uliye naye Dar. Shirika la ndege la Misri huruka kutoka Dar es Salaam hadi Cairo, na wengine hupitia Addis Ababa. Chagua linalokufikisha mchana, na ufike siku moja kabla ya kundi kukutana, ukilipia usiku huo wa ziada katika hoteli ile ile ya kundi. Ndege ikichelewa au begi likikosekana, utakuwa na usiku mzima wa kulishughulikia, wakati aliyefika saa mbili kabla ya mkutano wa kwanza hana hata dakika. Agiza pia kupokewa uwanjani kupitia kampuni. Mpokezi husimama na kibao chenye jina lako, nawe unakuwa na namba yake ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi, si ndani ya simu tu, kwa sababu simu huzima chaji katika saa kama zile.

Niseme sasa kuhusu chumba, kwa kuwa ndiyo hesabu inayowaudhi wengi. Bei za safari hizi hupigwa kwa watu wawili katika chumba kimoja, na hoteli inaitoza kampuni ya safari karibu kiasi kile kile chumba kikilaliwa na mmoja au wawili, ndiyo maana ya zile dola 420. Kampuni nyingi zitakubali kukupangia mwanamke mwingine aliyekuja peke yake ili usilipe nyongeza. Ukitaka hivyo, uliza kwa maandishi jambo moja: asipopatikana mwanamke huyo, nyongeza italipwa na nani? Wapo wanaosema haitadaiwa, na wapo wanaokuletea bili wiki mbili kabla ya safari. Ila maoni yangu kwako ni kwamba ulipe na ulale peke yako. Vyumba vya meli za mtoni ni vidogo, vitanda viwili vikiwa na nafasi ya hatua moja katikati, na ratiba hizi humwamsha mtu usiku wa manane. Una miaka 62 na goti bovu. Usingizi utakaoupata na uhuru wa kuunyoosha mguu bila kumwomba mtu radhi vina thamani kuliko ziara za hiari watakazokuuzia njiani, kama ile ya kupanda puto la hewa ya moto Luxor. Ziara hizo unaweza kuziacha na usipungukiwe na kitu.

Goti lenyewe lieleze kabla, kwa maandishi, na usilifiche kwa kuogopa kukataliwa. Nikuonyeshe mahali litakaposema. Katika Bonde la Wafalme, ng'ambo ya Luxor, makaburi yamechimbwa ndani ya mlima na hushukwa kwa ngazi na miteremko. Tiketi ya kawaida hukuruhusu kuingia makaburi matatu, na la farao Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, lina tiketi yake ya peke yake. Mwambie mwongoza watalii akuchagulie yenye ngazi chache, naye anayajua. Ndani ya Piramidi Kuu mtu hupanda njia nyembamba akiwa ameinama, na kwa hilo nakushauri moja kwa moja usiingie. Lizunguke kwa nje, ndiko liliko ukubwa wake. Karnak, mahekalu ya kale ya Luxor, ni tambarare, unahitaji viatu vizuri na kofia. Hekalu la Philae hufikiwa kwa mashua ndogo, na wakati wa kushuka utahitaji mkono wa mtu, ambao mabaharia hutoa bila kuombwa. Kuna jambo moja matangazo hayalisemi: meli za mtoni zikitia nanga Aswan na Luxor hupangwa ubavu kwa ubavu, hata nne au tano, na ili ufike nchi kavu unapita ndani ya sebule za meli za wenzako, ukivuka kizingiti kimoja hadi kingine. Hakuna hatari, lakini ni vizingiti, kwa hiyo nenda taratibu na waache wenye haraka wapite.

Siku ya Abu Simbel ndiyo ndefu kuliko zote. Mnaondoka Aswan kabla ya alfajiri, mkipewa kifungua kinywa ndani ya boksi, na mnakata jangwa kwa saa tatu au zaidi. Mwalimu, hapo ndipo safari yako itakapolipa. Mahekalu yale ya farao Ramses II yalikatwa vipande vipande kati ya mwaka 1964 na 1968 na kuinuliwa takriban mita 65 juu ya mahali pake pa zamani ili maji ya Bwawa Kuu yasiyameze. Bwawa lenyewe, lililokamilika mwaka 1970, lina urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu na kimo cha mita 111, na mtalikanyaga kwa miguu. Watalii wengi hukaa pale kwa robo saa tu, wakipiga picha za maji. Mwombe kiongozi mapema akupe muda zaidi, umwambie ulilifundisha, kwa kuwa viongozi wazuri hupenda sana kumpata mtu anayeuliza kuhusu matope ya rutuba yaliyozuiwa nyuma ya ukuta na mbolea ambazo wakulima wa chini walilazimika kuanza kununua.

Hapo ndipo ninapolijibu suala la kuwa Mwafrika wa pekee. Inawezekana kabisa ikawa hivyo, na siku ya kwanza utalihisi. Lakini katika kundi hilo huenda wewe ndiwe pekee utakayekuwa umetoka kwenye mojawapo ya nchi ambako mto ule unaanza safari yake. Wanaposimama kutazama maji Aswan, wanatazama maji ambayo sehemu yake imetoka Ziwa Victoria. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji limejengwa na kampuni za Misri, na maji ya Ruaha Mkuu yanayoingia Rufiji yanateremka kutoka nyanda hizi hizi tunazoishi, yakipita Mtera na Kidatu ulizozichora pia. Una ya kusema mezani kuliko wengi watakaokaa nawe. Aswan kwenyewe, nyumbani kwa Wanubi, watu wa kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, wapo watakaokudhania wewe ni mtu wa huko au wa Sudan na kukusemesha Kiarabu kwa bashasha, huku wenzako wakisalimiwa kwa Kiingereza.

Kuhusu upweke mezani, jioni ya kwanza ndiyo inayoamua. Kiongozi huita mkutano hotelini ambapo kila mtu hujitaja. Usikae pembeni. Jitambulishe kwa ufupi, useme ulikuwa mwalimu na kwa nini umekuja, kisha wakati wa chakula keti karibu na watu wawili usiowajua na uwaulize wametoka wapi. Katika makundi haya karibu kila mara kuna wengine waliokuja peke yao, wengi wao wanawake wa umri wako, nao watakutafuta. Waliooana pia hufurahi kupata mtu wa tatu wa kuzungumza naye. Kwenye basi usijiwekee kiti cha kudumu. Kinachovunja urafiki katika kundi ni kuchelewa, kwa hiyo mtu anayefika kwenye basi dakika tano kabla ya saa iliyotajwa hupendwa hata kama hasemi neno. Mchana wa mapumziko ukitaka kutembea mwenyewe, mwambie kiongozi unakoelekea na ubebe kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kiarabu ili dereva wa teksi aisome.

Bakshishi ni desturi ya huko na si ombaomba. Uliza kabla ya kuondoka ni kiasi gani hutarajiwa kwa mwongoza watalii, dereva na wahudumu wa meli kwa siku 10, uweke fedha hiyo kwenye bahasha mbali na matumizi yako, na ubebe noti ndogo ndogo kwa ajili ya vyooni na wabeba mizigo. Nguo zinazofunika mabega na magoti zitakufaa, na sioni kama mama wa Njombe anahitaji mafunzo katika hilo. Msimu mzuri ni kati ya Oktoba na Aprili, kwa sababu Aswan wakati wa kiangazi chao joto hupita nyuzi 40, nawe umezoea baridi. Januari usiku jangwani kuna ubaridi, na sweta unalovaa nyumbani linatosha.

Sasa mwanao. Swali lake ni la upendo na linastahili jibu kamili, kwa hiyo usimkaripie wala usimfiche. Anayekushika mkono ukiugua Misri ni bima ya safari, ukiichagua vizuri. Inunue kwa kampuni iliyosajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, isome kama inalipia matibabu ya hospitali, kusafirishwa kurudi nyumbani na kufutwa kwa safari, na kama goti lako, kwa kuwa ni ugonjwa uliokuwepo kabla, limo au limetolewa. Angalia pia kama inalipa ukinyimwa viza, kwa kuwa nyingi hazilipi. Mpe mwanao nakala ya bima, pasipoti, ratiba ya kila hoteli na namba ya kiongozi, mkubaliane saa ya kutumiana ujumbe kila jioni. Mwambie umeamua, na unamkabidhi taarifa hizo kwa sababu ndiye utakayemtegemea. Mtoto mtu mzima akipewa kazi ya kufanya, hofu yake hupata pa kwenda. Kina mama wa jumuiya nao, wakikuuliza tena, wajibu kwamba unakwenda na kundi, kwa kuwa ndiyo kweli.

Kuna suala moja la afya ambalo si la kuacha hadi dakika za mwisho. Misri huwataka wasafiri wanaotoka Tanzania kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu mwaka 2016 ni cha maisha yote, kwa hiyo kama uliwahi kuchanjwa, kitafute kile kitabu cha njano. Kama hujawahi, usiende kuchanjwa tu kama unavyokwenda dukani: kwa mtu aliyezidi miaka 60 anayeipata chanjo hiyo mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa, ingawa ni ndogo, ni kubwa kuliko kwa kijana, na daktari anapaswa kukupima na kukuuliza historia yako kwanza. Muulize katika ziara hiyo hiyo kuhusu goti na dawa za kubeba, akuandikie barua ya dawa hizo.

Ukimaliza kusoma, waandikie ile kampuni ya Ulaya barua moja fupi. Waambie wewe ni raia wa Tanzania, una umri wa miaka 62, unasafiri peke yako na goti lako halipendi ngazi nyingi. Waulize kama watakupa barua ya uthibitisho kwa ajili ya ubalozi wa Misri baada ya malipo ya awali, na malipo hayo ni kiasi gani. Waulize viza ikikataliwa watakurudishia kiasi gani, na mwisho wa kumaliza deni ni lini. Waulize idadi ya chini ya kundi, na ni lini wataiita safari kuwa ya uhakika. Waulize pia kama yupo mtu Mbeya anayewawakilisha. Wakikujibu kila swali kwa jina lako na kwa maandishi, endelea nao. Wakikurudishia tangazo lile lile lenye kitufe cha kulipia, tafuta kampuni nyingine, kwa maana ziara ya Cairo, Aswan na Luxor inauzwa na wengi, na Uhamiaji wa mkoa wako hapo hapo Njombe wanafungua Jumatatu.